Sura ya Nne: Umra Twende Mwezi Gani?

Makureshi wa Makka walikuwa wafanyabiashara walioijua vizuri hali ya hewa. Wakati wa baridi misafara yao ilishuka kusini hadi Yemen, na wakati wa joto ikapanda kaskazini hadi Sham. Kila mtoto aliyepita madrasa anazijua safari hizo mbili, maana zimetajwa katika mojawapo ya sura fupi zinazohifadhiwa mapema. Wenyeji wa mji ule hawakushindana na majira. Waliyafuata.

Mgeni wa leo anayetoka Tanga, Mombasa au Bujumbura mara nyingi hafikirii majira hata kidogo. Huchagua mwezi kwa kuwa shangazi yake alikwenda mwezi huo akarudi anang'aa, au kwa kuwa wakala ametangaza kwamba zimebaki nafasi chache, au kwa kuwa amesikia kwenye mawaidha kwamba Ramadhani ndiyo yenye thawabu kubwa. Akifika ndipo anapotambua kwamba mwezi uliomfaa shangazi si lazima umfae yeye, aliyekuja na mama wa miaka sabini anayelalamika magoti.

Tunazungumzia umra hapa, si Hija. Katika Hija hakuna cha kuchagua: siku zake ni kuanzia tarehe 8 hadi 13 za Mfunguo Tatu, basi. Waarabu wa zama za ujahiliya walikuwa na desturi ya kusogeza miezi mbele na nyuma ili mambo yao yaangukie wanapopataka, na Kurani ikaikataza desturi hiyo katika Sura At-Tawba. Tangu hapo Hija huyazunguka majira yote, joto na baridi, na kila kizazi huonja sehemu yake. Umra ni mlango ulio wazi karibu mwaka mzima, na uhuru huo ndio unaowachanganya watu. Ushauri wangu ni mmoja, na yote yanayofuata ni maelezo yake: msimu uchaguliwe kwa kumtazama aliye dhaifu kuliko wote katika msafara wenu, na kwa kujua anakwenda kufanya nini huko.

Kalenda mbili zisizokwenda pamoja

Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi mwandamo na una siku 354 au 355. Kwa hiyo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, na kila mwezi wa Kiislamu hurudi nyuma kwa kiasi hicho mwaka hadi mwaka. Baada ya miaka ipatayo 33 huwa umeyazunguka majira yote na kurejea ulipoanzia.

Jambo hili linajulikana na wote, lakini wachache hulitumia wanapopanga safari. Mtu atakuambia kwa uhakika kabisa kwamba Ramadhani Makka ni moto usiovumilika. Amesema kweli kuhusu Ramadhani aliyoikuta yeye. Mwaka 2015 waliofunga Makka walifunga Juni na Julai, katikati ya kiangazi cha Arabuni. Lakini kuanzia 2026 hadi 2031 Ramadhani inaangukia kati ya Desemba na Machi, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Ushauri wa safari uliotolewa miaka kumi iliyopita una thamani ya kumbukumbu tu. Kabla ya kuukubali, muulize aliyekupa alikwenda mwaka gani.

Kwa hiyo fanya kazi na karatasi yenye safu mbili. Safu ya kwanza andika miezi ya kawaida, Januari hadi Desemba, kwa sababu joto, mvua na likizo za shule hufuata hiyo. Safu ya pili andika miezi ya Kiislamu, kwa sababu msongamano wa watu, bei za hoteli na kufungwa kwa viza hufuata hiyo. Unachotafuta ni mahali ambapo safu zote mbili zinakuonea huruma.

Joto

Makka iko bondeni, imezungukwa na majabali yasiyo na miti, na mawe hayo hukusanya joto mchana na kulitoa usiku. Kuanzia Mei hadi Septemba joto la mchana huwa kwa kawaida nyuzi 42 hadi 44, na usiku halishuki sana chini ya 28. Madina, iliyo kaskazini na mita kama 600 juu ya usawa wa bahari, inakaribiana nayo mchana wa kiangazi, ingawa alfajiri zake ni nyepesi zaidi.

Mtu wa pwani husema: joto tumelizoea. Lakini la Dar es Salaam na la Mombasa ni joto lenye unyevu. Jasho linatiririka, unaliona, unatafuta maji. La Makka ni kavu. Jasho hukauka likiwa bado linatoka, ngozi inabaki kavu, na mtu hupoteza maji mwilini bila kujua hadi kichwa kinapoanza kuuma na miguu kulegea. Mzee ambaye hahisi kiu haraka yuko katika hatari kubwa zaidi, na anayetumia dawa za kukojoza kwa ajili ya presha ni zaidi yake. Huyo lazima azungumze na daktari wake kabla hata ya kulipia tiketi.

Hija ya Juni 2024 ilituonyesha joto hilo linaweza kufika wapi. Tarehe 17 ya mwezi huo kipimo katika Msikiti Mtukufu kilifika nyuzi 51.8, na Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, wengi wao wakiwa watu wasio na vibali rasmi, ambao hawakuwa na mahema wala mabasi ya kuwakinga na jua. Umra si Hija: haina Arafa wala Mina, na sehemu kubwa ya ibada yake iko ndani ya jengo. Sakafu nyeupe ya eneo la kutufu imetengenezwa kwa marumaru ya Thassos kutoka Ugiriki, ambayo hurudisha mwanga wa jua na kubaki baridi chini ya nyayo hata adhuhuri. Njia ya Safa na Marwa imeezekwa na ina viyoyozi. Katika viwanja vya Msikiti wa Mtume Madina kuna miavuli mikubwa 250 inayofunguliwa mchana. Kinachomchosha mtu ni kile kilicho kati ya mlango wa hoteli na mlango wa msikiti, mara tano kwa siku.

Hivyo Julai na Agosti hazijaharamishwa na mtu. Bei huwa nafuu, watu ni wachache kuliko Ramadhani, na kijana mwenye afya anaweza kuzifaidi iwapo ataupanga mchana wake upya: tawafu baada ya saa sita usiku au kabla ya alfajiri, kulala baada ya adhuhuri, ziara za Uhud na Quba mara tu baada ya kuchomoza jua. Mwanamume aliye katika ihramu hafuniki kichwa kwa kofia wala kilemba, lakini mwavuli anaruhusiwa, basi aununue kabla hajauhitaji. Tena kiangazi kina zawadi yake. Ndio wakati tende za Madina zinapovunwa, na anayezijua tende zilizofungwa kwenye maboksi tu atashangaa akionja rutabu, tende mpya laini zinazouzwa zikiwa bado na umaji wake. Uzito wa kuziacha unajulikana tangu zamani. Msafara wa Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijria, uliitishwa wakati wa joto kali huku matunda yameiva na vivuli vikipendeza, na sahaba Kaab bin Malik, aliyebaki nyuma, alisimulia baadaye bila kuficha kwamba moyo wake ulikuwa umeelemea huko.

Baridi na mvua

Kuanzia Novemba mambo hubadilika. Desemba na Januari mchana wa Makka hucheza kwenye nyuzi 30 hadi 32, na usiku hushuka hadi karibu 19. Kwa mtu wa Afrika Mashariki hiyo ni hali ya kawaida kabisa. Madina ndiyo inayowashtua watu: usiku wa Januari hufika nyuzi 12 au chini yake, na upepo wa alfajiri katika viwanja vya msikiti hupenya kanzu. Mtu wa Arusha, Limuru au Njombe atacheka. Mtu wa Pemba aliyebeba kanzu tatu za kitambaa chepesi hatacheka.

Liko jambo moja ambalo mawakala husahau kulisema. Misafara mingi huanzia Madina kisha ikaenda Makka, na wanaopita njia hiyo huhirimia Dhul-Hulaifa, mahali panapoitwa siku hizi Abyar Ali, nje kidogo ya Madina. Hapo mwanamume huvua nguo zote zilizoshonwa na kubaki na shuka mbili. Kama basi lenu litaondoka usiku wa Januari, shuka hizo mbili ndizo nguo zake za safari ya kilomita zipatazo 450, ndani ya basi ambalo dereva wake anapenda kiyoyozi. Chagua taulo nzito za ihramu, na uwe na blanketi la kujitanda mabegani. Kujifunika blanketi hakuharibu ihramu maadamu kichwa kiko wazi. Anayeweza kumudu atumie treni ya Haramain, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2018. Huimaliza safari hiyo kwa saa mbili na kitu.

Miezi hiyohiyo ya baridi ndiyo ya mvua. Mvua za Makka ni chache, lakini zikija huja kwa kishindo, na bonde lile huwa mkondo kwa dakika chache. Mwaka 1941 mafuriko yaliizingira Kaaba hadi watu wakatufu kwa kuogelea, na picha ya tukio hilo bado inazunguka duniani. Jeddah, ambako wengi wetu hushukia, ilipata mafuriko mabaya tarehe 25 Novemba 2009 yaliyoua zaidi ya watu 100. Hayo hayatokei kila mwaka, na si sababu ya kuukwepa msimu. Ni sababu ya kutopanga ndege ya kurudi iwe saa chache tu baada ya kutoka Makka.

Watu

Hali ya hewa unaweza kuivalia nguo. Msongamano huwezi.

Ramadhani ni kilele. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba umra ndani ya mwezi huo ina malipo sawa na Hija, na Waislamu wa dunia nzima wameisikia. Siku za mwanzo bado mtu anapumua. Kumi la mwisho, na zaidi ule usiku wa 27, watu hujaza msikiti, viwanja, na barabara zinazoelekea msikitini. Anayetaka nafasi ndani kwa ajili ya Isha na tarawehe huingia tangu alasiri na hatoki. Bei za hoteli za karibu hupanda mara kadhaa, na mwenye mfuko wa kawaida husukumwa kwenye mitaa ya mbali, ambako itambidi apande gari kila swala. Kwa upande mwingine, futari ya pale haina mfano. Sufra hutandikwa kwa safu ndefu, tende, mkate, mtindi na maji ya Zamzam, na mtu usiyemjua hukushika mkono akuombe ukae kwenye sufra yake kana kwamba wewe ndiye unayemfadhili. Waliowahi kuonja hayo hurudi tena hata wakiapa kwamba wamechoka.

Rajabu nayo hujaa, hasa kwa watu wetu. Tangu zamani wengi wanaipenda kwa ajili ya umra, ingawa wanazuoni hawakubaliani kuhusu fadhila hiyo. Abdullah bin Umar alisema Mtume aliwahi kufanya umra Rajabu, na Bibi Aisha akamsahihisha. Kwa miaka hii Rajabu inaingia Novemba au Desemba. Desemba nayo ina likizo ndefu za shule Kenya na Tanzania, na hata Ulaya, ambako Waswahili wengi wa Uingereza na Uholanzi hupata nafasi ya kusafiri na watoto. Mambo matatu yakikutana mwezi mmoja, hewa nzuri, shule zimefungwa na mwezi unaopendwa, usitegemee bei nafuu wala nafasi ya kupumua. Anayetaka kuingia Rawdha, ndani ya Msikiti wa Mtume Madina, lazima awe na miadi iliyowekwa kupitia programu ya Nusuk, na katika miezi kama hii nafasi huisha mapema, basi kuizungumzia siku ya kufika ni kuchelewa.

Hata ndani ya wiki moja kuna mawimbi. Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko ya Saudi Arabia, na wakazi wa Jeddah na Taif huenda Makka kwa magari yao. Ukifika Alhamisi jioni, pumzika. Fanya umra yako usiku wa Jumapili.

Mlango unapofungwa

Kipo kipindi ambacho huna la kuchagua. Hija inapokaribia, Saudi Arabia husimamisha viza za umra ili mji ujiandae kupokea mahujaji. Mwaka 2025 siku ya mwisho ya kuingia kwa viza ya umra ilikuwa 13 Aprili, na wote walitakiwa wawe wametoka ifikapo tarehe 29. Baada ya Hija mlango hufunguliwa tena. Kwa kuwa Hija sasa inaangukia Mei na itaendelea kurudi nyuma kuelekea Aprili, atakayepanga umra ya likizo ya Pasaka aangalie tangazo la mwaka huo kabla ya kuomba ruhusa kazini.

Mtu akilitafakari hili ataona jambo la ajabu kidogo. Mtume alifanya umra nne, na zote zilihusiana na Mfunguo Pili: ile ya Hudaybiya aliyozuiwa, ile ya mwaka uliofuata, ile aliyohirimia Jirana baada ya vita vya Hunayn, na ile aliyoiunganisha na Hija yake, ambayo ihramu yake ilianza mwishoni mwa mwezi huo. Mwezi alioupenda yeye kwa vitendo ndio ambao mgeni wa leo huukuta umefungwa. Inatosha kumliwaza anayesikitika kwamba hakupata Ramadhani: fadhila za umra hazikufungiwa mwezi mmoja.

Nani anakwenda?

Sasa rudi kwa watu wa msafara wako.

Kama unampeleka mama au baba mzee, na siku hizi hiyo ndiyo safari ya umra iliyo ya kawaida kuliko zote kwetu, kitu cha kununua ni ukaribu wa hoteli. Saayi peke yake, mara saba kati ya Safa na Marwa, ni zaidi ya kilomita tatu, na kabla yake kuna tawafu. Ongeza mwendo wa kwenda na kurudi hotelini kwa swala tano. Fedha ile ile inayokupa chumba cha mbali katika kumi la mwisho la Ramadhani inaweza kukupa chumba cha hatua chache kutoka msikitini mwezi wa Novemba. Mama akisema, "Mwanangu, mimi nataka Ramadhani," msikilize, kwa kuwa safari ni yake. Kisha mweleze kwa upole kwamba katika kumi la mwisho huenda akaswali barabarani, na kwamba kwenye msongamano wakati mwingine kiti cha magurudumu huelekezwa ghorofa za juu, mbali na Kaaba. Mpe siku za mwanzo za Ramadhani kama njia ya katikati. Mara nyingi atakubali.

Mwanamke ambaye bado anapata hedhi apange kwa tarehe zake, na asione haya kumwambia kiongozi wa msafara. Aliye katika hedhi hatufu mpaka atoharike, na msafara wa siku chache unaweza kumalizika kabla hajatoharika. Dawa yake ni kuchagua msafara wenye siku nyingi zaidi, au ule unaoanzia Madina. Hili lina uzito kuliko joto na baridi vyote, na bado halimo kwenye vipeperushi.

Mwenye kisukari aepuke kuunganisha mambo matatu kwa pamoja: safari, saumu na joto. Msafiri ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Anayejijua kwamba hataitumia ruhusa hiyo kwa kuona haya mbele za wenzake, aende mwezi mwingine.

Wenye watoto wa shule hawana nafasi nyingi. Kwa Watanzania, Juni na Julai ni joto lakini mara nyingi zinafuatia Hija, watu wamepungua. Kwa Wakenya, Agosti ni hivyohivyo. Watoto huvumilia joto kuliko tunavyodhani mradi wanywe maji na walale mchana. Msongamano ndio unaowatisha, nao hupotea ndani yake.

Kijana mwenye afya na akiba ndogo achukue Julai hadi Septemba bila kusita, kwa masharti niliyoyataja. Na anayekwenda kwa ajili ya Ramadhani yenyewe, kwa ajili ya sufra zile na tarawehe ile, asishawishiwe na mtu kwa hoja ya bei. Miaka hii ameletewa Ramadhani ya baridi, na ikishapita atasubiri muda mrefu kuipata tena.

Ukinibana nitaje wakati mmoja unaofaa watu wengi kwa miaka hii, nitasema Novemba, kabla ya likizo za Desemba: joto limevunjika na Ramadhani bado iko mbali, ila Rajabu ikisogea ndani ya Novemba, tangulia wiki chache. Chaguo la pili ni wiki za mwanzo za Mfunguo Mosi, baada ya Idi, wageni wa Ramadhani wanaporudi makwao na kabla viza hazijasimamishwa. Kwa vyovyote, shughulikia chanjo ya homa ya uti wa mgongo mapema, angalau siku 10 kabla ya kuondoka, pamoja na cheti cha homa ya manjano kama wasafiri wa nchi yako wanatakiwa kuwa nacho.

Lakini wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nimewaona watu wakiahirisha mwaka hadi mwaka, mara joto, mara bei, mara mtoto ana mtihani, huku mzee waliyetaka kumpeleka akizidi kuwa mzito wa miguu. Mwezi mzuri kwa mtu asiyeweza tena kupanda ndege haumsaidii kitu. Kama nafasi uliyonayo ni Agosti tu, na mama bado anatembea, nunua mwavuli, mtafutie hoteli iliyo karibu, mtufishe usiku, na mwende Agosti.